Kusoma mwenendo wa kesi za Marekani ukiwa nyumbani: kazi yenyewe ni ipi na inalipa nini

Wakili wa Marekani anayetaka kumhoji shahidi kabla kesi haijasikilizwa humwita ofisini, shahidi anaapishwa, maswali yanaanza. Mahojiano hayo ya kiapo huitwa deposisheni. Katika mahakama za shirikisho, Kanuni ya 30 ya mwenendo wa madai inampa wakili siku moja ya saa 7, labda mahakama iongeze au pande zote zikubaliane vingine. Saa 7 za watu wanaoongea huzaa kurasa 250 hadi 300 na zaidi, mistari 25 kila ukurasa. Kila swali limo, kila jibu, kila sentensi iliyoachwa hewani mtu alipokatizwa.

Kuna mtu anayezisoma kurasa hizo neno kwa neno kabla hazijafika kwa mawakili, na mara nyingi mtu huyo hayuko ofisini wala mahakamani. Yuko kwake, kanga kiunoni, tableti mkononi. Mimi ni mmoja wao. Naishi Nakuru, na kila nikieleza ninachofanya watu huondoka na picha yao wenyewe: jirani anaamini natafsiri kesi, na shangazi yangu ameshatangaza ukoo mzima kwamba mimi ni wakili.

Siwalaumu. Ukiketi katika mahakama ya hakimu hapa Kenya au kule Tanzania, umezoea kumwona hakimu mwenyewe ameinamisha kichwa akiandika. Sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za nchi zote mbili zinasema ushahidi kwa kawaida usiandikwe kwa mtindo wa swali na jibu, uandikwe kwa mtindo wa masimulizi. Ndiyo maana ukichukua nakala ya mwenendo wa kesi kwetu unakuta shahidi anasimulia kama mtu aliyekaa barazani: "Ninaishi Bondeni. Ninamfahamu mshtakiwa. Usiku ule nilikuwa nyumbani." Maswali ya wakili yamemezwa, na kigugumizi cha shahidi kimemezwa vilevile. Marekani wamefuata njia nyingine. Huko neno huandikwa lilivyosemwa, na anayeliandika si jaji.

Watu wanne wanaochanganywa

Wa kwanza ni stenografa wa mahakama, anayeandika maneno papo hapo yanaposemwa. Mashine yake ina vitufe 22 tu pamoja na kipande cha tarakimu juu yake, na havibonyezwi kimoja kimoja kama vya kompyuta. Vidole hushuka pamoja, kama vya mpiga kinanda, na mpigo mmoja ni silabi, neno, au hata fungu zima la maneno. Upande wa kushoto wa mashine hakuna D. Ukitaka D unabonyeza T na K kwa pamoja. Neno la Kiingereza la mbwa, dog, linatoka kwa mpigo mmoja likiwa TKOG. Ili kupata cheti cha kitaifa kiitwacho RPR, stenografa lazima afikie maneno 225 kwa dakika katika sehemu ya maswali na majibu, kwa usahihi wa asilimia 95. Jaribu kusoma gazeti kwa sauti kwa kasi hiyo uone pumzi itakavyokukatika.

Asilimia 95 ni ufundi wa kuvuliwa kofia, lakini ihesabu: katika ukurasa wa maneno 200, asilimia 5 iliyobaki ni maneno 10 yenye walakini. Programu inayogeuza mipigo kuwa Kiingereza hutegemea kamusi ambayo stenografa ameijenga mwenyewe kwa miaka. Kidole kikiteleza, au daktari akitaja dawa ambayo haimo katika kamusi ile, kinachotokea kwenye skrini ni vurugu.

Anayesafisha vurugu hiyo ni mtu wa pili, skopisti. Anafungua faili ndani ya programu ileile anayotumia stenografa, mara nyingi Case CATalyst au Eclipse, anasikiliza rekodi ya sauti, anarekebisha mipigo iliyokosewa, anaweka vituo, anahakikisha majina ya watu, mitaa na vifaa. Huyu anaweza kusoma lugha ya mipigo, au angalau kuikisia. Kazi yake ni nzito na malipo yake ni makubwa zaidi.

Wa tatu ni msomaji wa prufu, yaani mimi. Mimi napokea PDF. Kwa kawaida sina sauti, sina programu ya stenografia, na siligusi faili lenyewe. Naweka alama pembeni, kila alama na maelezo yake mafupi, narudisha. Stenografa ndiye anayekubali au kukataa, kisha anatia saini cheti cha mwisho kinachosema kwamba haya ndiyo yaliyosemwa. Kosa likibaki humo, ni kosa lake mbele ya mahakama.

Wa nne hana uhusiano na mashine ile kabisa. Ni mnukuzi, anayechapa kutoka rekodi ya sauti pale ambapo mahakama au wakala ameweka mitambo ya kurekodi badala ya stenografa. Wakenya wengi waliowahi kufanya kazi za mtandaoni wanamjua huyu, maana ndiye waliyekuwa wao. Huko Marekani AAERT, chama cha wanaorekodi na kunukuu kesi kwa mitambo, hutoa cheti cha unukuzi kiitwacho CET kwa wanaotaka kutambuliwa katika upande huo.

Nimewatenganisha hivi kwa sababu matangazo ya mtandaoni huwachanganya makusudi. Utaahidiwa malipo ya skopisti kwa mafunzo ya msomaji wa prufu, na utaambiwa unachohitaji ni kupenda kusoma.

Mkono unaowasha

Katika nakala ya kwanza niliyopewa, shahidi, fundi wa paa, alisema "I seen him." Kiingereza cha shuleni kinakataa. Nikaweka alama: iwe "I saw him". Nilifanya hivyo mara kumi na kitu, nikajiona nimefanya kazi ya maana. Stenografa alinirudishia mstari mmoja tu: huyu mtu ndivyo anavyoongea, ondoa alama zote hizo. Hakunikaripia. Lakini hakunitumia kazi tena kwa wiki tano.

Hapo ndipo wengi wetu tuliosoma Kiingereza kwa fimbo hushindwa. Tumefunzwa kwamba kosa la sarufi ni aibu inayopaswa kufutwa haraka kabla mgeni hajaiona. Hata Hansard ya bunge, ambayo sote tunaijua, huondoa marudio na kusawazisha makosa ya wazi ya mheshimiwa ili asomeke kama alivyokusudia. Nakala ya mahakama haimsaidii mtu. Shahidi akisema uongo kwa sarufi mbovu, uongo unabaki na ubovu unabaki, kwa sababu huenda kesi nzima ikazunguka swali la alisema nini hasa. Akitaka kubadilisha, kanuni hiyohiyo ya 30 ina mlango wake: yeye au upande mmojawapo ukiomba kabla mahojiano hayajafungwa, shahidi hupewa siku 30 za kupitia nakala na kuandika mabadiliko yake pamoja na sababu, na karatasi hiyo huambatishwa. Mabadiliko ni yake. Mimi simo.

Basi narekebisha nini? Makosa ya anayeandika, na vituo. Haya ya kwanza ni maneno yanayopita mbele ya kikagua tahajia yakiwa yamevaa suti. "Statue" badala ya "statute", na ghafla wakili anazungumzia sanamu badala ya sheria. "Trail" kwa "trial". "Casual" na "causal": moja ni la juujuu, jingine ni la kisababishi, na katika kesi ya fidia tofauti ya hayo mawili ndiyo kesi yenyewe. Kwenye ushahidi wa madaktari hali ni mbaya zaidi. "Ileum" ni sehemu ya utumbo mdogo, "ilium" ni mfupa wa nyonga. Yakisikika ni mamoja. Unajua lipi ni lipi kwa kufuatilia tu daktari anaongelea wapi mwilini, kwa hiyo husomi mstari. Unamfuata daktari tangu ukurasa wa 30 aliposema mgonjwa aliangukia upande gani.

Vituo vina hatari zao. Huu ni mfano wa aina ninayokutana nayo kila wiki. Wakili: "Did you see the truck before it hit you?" Shahidi: "No, I did see it." Kama ilivyoandikwa haiendi. Huenda stenografa alikosa mpigo mmoja na shahidi alisema hakuliona lori. Huenda pia shahidi alianza kukana, akajirudi, na baada ya "No" panahitajika nukta: "No. I did see it." Mkono unawasha. Sababu zipo za kuegemea upande mmoja, maana kurasa mbili nyuma amesema alikuwa akitazama simu. Lakini mimi sikuwepo, na sauti sina. Alama yangu inasema tu: tafadhali sikiliza sauti hapa, na kinatajwa ukurasa na mstari. Kwa maoni yangu alama hiyo moja ina thamani kuliko koma mia moja.

Kuna mahali ambapo Mswahili ana jicho ambalo wenzake Wamarekani hawana. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Hukusaini karatasi hii?" na kweli hukusaini, unajibu "Ndiyo, sikusaini." Kiingereza cha Marekani kingetaka "No". Sasa mlete shahidi aliyekulia Bukavu au Tanga mbele ya wakili wa Ohio. "You did not sign this paper?" Anajibu: "Yes." Wakili mzoefu huuliza tena ili jibu likae sawa. Asiye mzoefu hupita, na "Yes" hiyo inabaki pale ikisubiri kugombaniwa. Mimi naiona, najua kwa uhakika wa karibu wote alimaanisha nini, na siigusi. Ninachoweza kuangalia ni majina, kwamba Bukavu haikuandikwa kama neno lisilojulikana, na kama kuna mkalimani, kwamba maneno aliyosema mkalimani kwa niaba yake mwenyewe, kwa mfano anapoomba swali lirudiwe, yamewekwa chini ya lebo ya mkalimani na si chini ya jibu la shahidi.

Hesabu

Malipo huhesabiwa kwa ukurasa. Viwango vinavyotajwa sana kwa msomaji wa prufu ni senti 40 hadi 60 za dola, na kazi ya haraka huongezewa. Skopisti anaanzia karibu dola moja na robo na kupanda hadi dola 2 na zaidi, hasa akisikiliza sauti yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua faili la kurasa 300 kwa senti 45. Ni dola 135, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni zaidi kidogo ya shilingi 17,400 za Kenya. Msomaji mpya hupitia kurasa 20 kwa saa, kwa hiyo faili linammalizia saa 15 na amepata dola 9 kwa saa. Aliyezoea husoma kurasa 50 kwa saa. Faili lilelile, pesa zilezile, saa 6, dola 22 na nusu kwa saa. Hakuna anayekupandishia mshahara katika kazi hii. Macho yako ndiyo yanayoupandisha, na yana kikomo: baada ya saa 4 za kusoma mfululizo nimeshajikuta natikisa kichwa kukubaliana na ukurasa ambao sikuusoma.

Gharama za kuanza kwa msomaji wa prufu ni ndogo. Unahitaji tableti au kompyuta yenye programu ya kuweka alama kwenye PDF, intaneti isiyokatika, na kitabu kimoja kizuri cha vituo vya Kiingereza kilichoandikwa kwa ajili ya wastenografa, maana kanuni zao haziendi sambamba na za magazeti. Skopisti lazima awe na programu ya stenografia, na bei zake zinahesabiwa kwa mamia hadi maelfu ya dola hata kwa matoleo ya wahariri. Mtu asikusukume kununua programu kabla hujajua wastenografa unaowalenga wanatumia ipi. Faili za Eclipse na za Case CATalyst haziingiliani.

Kuhusu kozi, nitasema ninavyoamini. Kozi nzuri inakuokoa miezi ya kubahatisha. Hakuna kozi inayokuletea wateja, na ile inayoahidi hivyo ndiyo ya kukimbia. Wateja wanapatikana polepole, kwa kumwandikia stenografa mmoja mmoja, kwa vyama vyao vya majimbo, na baadaye kwa mmoja kumtajia mwenzake jina lako. Nina wateja wanne. Watatu kati yao walitoka kwa yule mmoja.

Umbali

Saa za Nakuru ziko mbele ya New York kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na 8 wakati wa baridi. Stenografa anafunga kazi saa kumi na moja jioni, kwangu ni saa sita usiku, faili linaingia. Nikiamka saa kumi na moja alfajiri nina muda mpaka saa tisa alasiri kabla kwake hakujafika saa mbili asubuhi. Yeye amelala, mimi nasoma. Akiwasha kompyuta, kazi iko mezani. Hii ndiyo hoja yangu kubwa ninapoomba kazi na haijawahi kuniangusha, ukiacha siku ambazo umeme umekatika tangu alfajiri na nimehamia kwa jirani mwenye sola.

Umbali huohuo ni kikwazo pia. Wapo wastenografa na mawakala ambao hawampi kazi mtu aliye nje ya Marekani, na hawana ubaya. Nakala hizi zina rekodi za hospitali, namba za akaunti, majina ya watoto. Kesi nyingine zina amri ya jaji inayotaja nani anaruhusiwa kuona nyaraka. Uliza mapema, kwa maandishi, na useme ukweli kuhusu ulipo. Nasema hivi nikijua kuna soko hapa kwetu la kununua na kukodi akaunti za kazi za mtandaoni zilizofunguliwa kwa jina la mtu aliye nchi nyingine. Katika kuandika maelezo ya bidhaa labda hasara ni ya kampuni tu. Hapa kuna mtu anayetia saini cheti akiamini anajua nani alishika faili.

Ukishakubaliwa, utaombwa kujaza fomu ya W-8BEN inayoonyesha kwamba wewe si mkazi wa Marekani kikodi. Pesa huja kwa PayPal, ambayo Kenya imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018, au kwa huduma nyingine za kutuma fedha. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nao wana fungu lao, usijifanye umesahau.

Na mashine je?

Swali hili naulizwa kuliko yote. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zimeingia, na kazi ya mnukuzi wa kawaida imebanwa vibaya. Sitamshauri mtu aanzie huko leo. Kwa upande wa prufu, kinachobadilika ni sura ya makosa. Kosa la stenografa ni baya usoni, neno lisilo neno, unaliona ukiwa mbali. Kosa la mashine ni zuri. Inaruka kigugumizi, inaunganisha sentensi mbili zilizokatika, na palipokuwa na kelele inakupa sentensi laini yenye sarufi safi ambayo hakuna aliyeisema. Ni mimi yule wa fundi wa paa, ila mashine haina wa kuirudishia faili. Nakala ya namna hiyo nikiisoma bila sauti najiona mjinga, na siku hizi nikiombwa kuisoma nadai sauti na bei ya juu zaidi. Wengine wanakubali.

Ukitaka kujipima kabla ya kutoa hata senti, Mahakama ya Juu ya Marekani huweka bure kwenye tovuti yake nakala za hoja zinazotolewa mbele ya majaji, na sauti zake pia. Kama unataka mashahidi badala ya mawakili, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague imeweka nakala za vikao vya wazi, zikiwemo za kesi ya William Ruto na Joshua Sang iliyoanza kusikilizwa Septemba 2013 na kusitishwa Aprili 2016. Mahali tunapajua, majina tunayajua, na utakuta vipande vilivyozibwa pale kikao kilipoingia faragha.

Pakua kurasa 10. Weka saa ya simu. Soma huku kalamu ikiwa mkononi, ukiandika kila unaposhuku na kwa nini, kisha chukua sauti ya sehemu ileile kama ipo uhesabu mara ngapi ulishuku bure na mara ngapi ulipitwa. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilitumia dakika 48, nikashuku bure mara 19.